Vifaranga wa beta wanakufa kila mara kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Nakosea wapi?

Mwalimu wa Kisauni ameuliza:

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kisauni, na huu ni mwaka wa pili nafuga samaki wa beta kwa kujiliwaza tu, bila nia ya biashara. Naomba ushauri wa wale waliokwisha kulea vifaranga hadi wakawa samaki wazima, kwa sababu nimezalisha mara tatu na mara zote tatu sikubakiwa na hata mmoja.

Nitaeleza nilivyofanya ili msipate taabu ya kuniuliza kidogo kidogo. Tangi ni la kioo, la lita 40, nami hulijaza maji kina cha sentimita 12 hivi, bila changarawe chini. Dume ni mwekundu, mwenye mkia wa nusu mwezi, na umri wake ni kama miezi saba. Jike ni wa buluu, mdogo kidogo kuliko yeye. Humweka jike ndani ya chemni ya taa iliyosimamishwa katikati ya tangi, ili waonane bila kuumizana, na dume akishajenga kiota cha povu, na jike akaonyesha mistari ya wima ubavuni na kidoti cheupe chini ya tumbo, huinua chemni nikawaacha. Mara ya mwisho walianza asubuhi wakamaliza adhuhuri. Dume alikuwa akijikunja kumzunguka jike, mayai yakidondoka, naye akiyafuata chini na kuyaokota kwa mdomo ayarudishe kwenye povu. Walipomaliza nilimtoa jike.

Mayai yaliangua usiku wa siku ya pili. Siku tatu baadaye vifaranga wakaanza kuogelea, nikamtoa dume, nikaanza kuwalisha kiini cha yai la kuku la kuchemsha nilichokikoroga kwenye maji, asubuhi na jioni, pamoja na chakula cha dukani nilichokisaga kikawa unga. Siku ya nne ya kuogelea walikuwa wamepungua nusu, wengine wamelala chini. Siku ya sita hapakuwa na kitu, na maji yalikuwa na harufu. Watu wa nyumbani wameshalipa tangi hilo jina la makaburi ya Kikowani, na mimi sina jibu la kuwapa.

Ami wa Kibokoni amejibu:

Waleikum salaam, mwalimu. Kwanza nikuondoe wasiwasi: hayo uliyoyaeleza ya kuzalisha ni sawa yote, wala usibadilishe chochote hapo. Dume anayejenga kiota, akaokota mayai na kuyalinda mpaka yakaangua bila kuyala ni dume wa kutunzwa, kwani wengi huyala mayai yao ya mara ya kwanza na ya pili. Kosa linaanza pale dume alipotoka na kiini cha yai kikaingia.

Kifaranga wa beta anapoanguliwa hawezi kula. Amebeba kifuko cha akiba tumboni, naye huning'inia chini ya povu, mkia chini, akiitumia akiba hiyo siku mbili tatu. Siku anayolala sawa majini na kuogelea kama samaki ndiyo siku ambayo akiba imekwisha, na kuanzia saa hiyo ni lazima apate kitu cha kukila. Sasa angalia anavyokula: hawindi kwa harufu, anawinda kwa macho. Anakiona kitu kidogo kinachotikisika, anajipinda, kisha anakirukia. Kiini cha yai hakitikisiki. Kinashuka chini, kinaoza, kinatoa amonia, na juu ya maji kinaacha utando wa mafuta. Kwa hiyo vifaranga wako wamekaa siku nne na njaa ndani ya maji yanayozidi kuchafuka, na siku nne tano ndizo hasa anazoweza kuvumilia kifaranga asiyekula. Mara nyingine washa tochi utazame matumbo yao kwa ubavu: aliyeshiba tumbo lake ni la duara na lina rangi ya chakula, na mwenye njaa tumbo lake limeingia ndani, kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili.

Kwa hiyo usiwakutanishe tena wazazi mpaka chakula kiwe hai nyumbani mwako. Mimi nikitaka kuzalisha huanza wiki tatu au nne kabla, na mtu akiniambia kwamba samaki wake wametaga jana na sasa anatafuta chakula, humwambia kwa upole kwamba amechelewa.

Kuna vyakula vitatu. Cha kwanza ni infusoria, yaani vile vijidudu visivyoonekana vizuri kwa macho, ambavyo utavipata kwa kutia jani la kabichi lililomwagiwa maji ya moto ndani ya mtungi wa maji yaliyotoka kwenye tangi la zamani. Maji yatakuwa meupe mazito, kisha baada ya siku kadhaa yataanza kung'aa tena, na hapo ndipo vijidudu wamekuwa wengi. Cha pili ni minyoo ya siki, nyuzi nyembamba zinazoishi ndani ya siki ya tufaha iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu pamoja na vipande vya tufaha. Mbegu yake utaipata kwa mfugaji mwenzako tu. Nawapenda minyoo hawa kwa sababu wakitiwa tangini hubaki wakiogelea katikati ya maji kwa siku kadhaa bila kufa, tofauti na minyoo ya uji, ambao huzama chini na kufa mapema, na katika joto letu uji wao huchacha upesi ukanuka nyumba nzima.

Lakini chakula chenyewe, kile kinachowakuza, ni artemia, yaani vijidudu wa maji ya chumvi wa jamii ya kamba, waliotoka kuanguliwa, na hapa sisi watu wa pwani tuna bahati ambayo wa bara hawana. Mayai yake huuzwa yakiwa makavu ndani ya kopo, nayo ni ghali, lakini kijiko kidogo huenda mbali. Wa bara hukaa wakipima chumvi kwa mizani. Mimi huteka maji ya bahari. Nenda ufuo wa bahari kuu, maji yakiwa yamejaa, na siku ambayo haikunyesha mvua kubwa. Usiteke katika mkondo wa Tudor wala karibu na mifereji ya maji machafu. Yachuje kwa kitambaa. Kata chupa ya soda ya lita moja na nusu upande wa kitako, igeuze kichwa chini huku kifuniko kikiwa kimefungwa, tia lita moja ya maji ya bahari na nusu kijiko cha chai cha mayai, shusha mrija wa pampu ya hewa mpaka chini kabisa ili mayai yasitulie, na uweke taa karibu. Kwa joto la nyuzi 28, ambalo hapa ni joto la chumbani tu, kesho yake saa kama hiyo utaona vumbi la rangi ya machungwa linacheza.

Zima hewa, subiri dakika kumi. Maganda yataelea juu na artemia watakusanyika chini kwenye mwanga. Wanyonye kwa mrija mwembamba, wapitishe kwenye kitambaa kizito cha pamba, wasuuze kwa maji matamu, kisha uwatie tangini kwa tone tone. Jitahidi usichukue maganda, kwa maana kifaranga akiyameza huweza kuziba. Na uwatumie siku hiyo hiyo, kwa kuwa kila saa inayopita artemia huila akiba yake mwenyewe na kupungua lishe. Vifaranga wakila utaona matumbo yote yamekuwa ya machungwa, na nakuhakikishia, mwalimu, kwamba ukiona hivyo mara ya kwanza utawaita watu wa nyumbani waje watazame.

Walishe kidogo mara tatu kwa siku. Siku mbili za kwanza acha taa hafifu iwake usiku, wapate kuona chakula.

Bi. Mtongwe amejibu:

Naunga mkono aliyosema Ami kuhusu chakula, lakini kabla hatujafunga hukumu ningependa kujua, mwalimu: maji yako ni ya wapi? Huko Kisauni wengi wanatumia kisima, na visima vya huko vimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake yana chokaa nyingi na mahali pengine yana chumvi ya kuonekana kwa ulimi. Beta ni samaki wa mashamba ya mpunga na vijito vya Thailand, maji laini, ya vuguvugu, yasiyo na kina. Mzazi aliyezoea huvumilia mengi. Kifaranga wa siku tatu havumilii.

Mwalimu wa Kisauni:

Nawashukuru sana nyote wawili. Ami, nimesoma maelezo yako mara mbili, na nakiri kwamba sikuwahi kufikiri kwamba kifaranga anahitaji chakula kinachotikisika. Niliona tu kwamba ni kidogo, basi nikampa kidogo.

Bi. Mtongwe, umenishika pabaya. Tangi nalijaza maji ya kisima, na mfereji ukitoka nachanganya. Chai ya maji hayo ina ladha, ni kweli, ila sisi tumeshaizoea. Maji ya mfereji hunuka dawa siku nyingine, kwa hiyo nikifikiri ya kisima ndiyo salama zaidi.

Bi. Mtongwe:

Usijilaumu, sote tulidhani hivyo. Kwa kuwa mayai yako yanaangua na vifaranga wanafika kuogelea, maji hayo siyo yaliyowaua siku ya tano. Hapo Ami amesema kweli. Lakini ukitaka wakue vizuri, kinga maji ya mvua. Iache mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga yanayofuata, uyahifadhi kwenye pipa lenye kifuniko. Mimi huchanganya sehemu mbili za mvua na moja ya kisima, kwa sababu mvua peke yake haina madini kabisa, na maji yasiyo na madini hubadilika ghafla. La muhimu ni kwamba mchanganyiko uwe ule ule kila siku, kwa wazazi na kwa watoto. Maji ya mfereji yanafaa pia, ila yaache usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini itoke, na kama kampuni ya maji inatumia dawa ya aina isiyotoka kwa hewa, basi itabidi ununue ya kuivunja.

Ubadilishaji wa maji kwa vifaranga si wa kumwaga. Nyonya uchafu wa chini kwa mrija wa pampu ya hewa, polepole, ndani ya bakuli jeupe, ili kifaranga akifyonzwa umwone umrudishe. Kisha rudisha maji mapya kwa tone, mrija ukiwa umefungwa fundo. Mimi huanza siku ya tano ya kuogelea, sehemu moja kwa kumi, na baada ya wiki mbili huongeza.

Tena kuna jani la mkungu, ule mti uzaao kungu. Chukua lililoanguka lenyewe likakauka na kuwa la kahawia, lisiwe la kando ya barabara, lioshe, ulitie tangini. Maji yatakuwa rangi ya chai nyepesi, vifaranga hujificha chini yake, na jani likianza kuoza hufuga vijidudu wanavyovila. Mombasa nzima imejaa mikungu, na huko ng'ambo watu hulinunua jani hili kwa pakiti.

Ami wa Kibokoni:

Jani la mkungu nami nalitumia, ila nisingependa mwalimu alifanye dawa. Nimeona watu wakitia majani matano ndani ya tangi chafu wakingoja miujiza.

Bi. Mtongwe:

Jani moja, Ami. Nilisema jani, sikusema mti.

Fundi wa Majengo amejibu:

Kwa ruhusa yenu wazee, niongeze jambo moja ambalo mwalimu hajalifikia lakini atalifikia inshallah, kwa maana mimi ndilo lililonimaliza. Vifaranga wangu walipita wiki ya kwanza na ya pili, wakala artemia wakanenepa, halafu katika wiki ya nne wakaanza kufa watano kwa siku, bila uchafu, bila njaa, bila alama.

Beta ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua, kinachoitwa labirinthi. Hazaliwi kikiwa tayari. Huota kadiri anavyokua, na kuanzia wiki ya tatu hivi hadi ya sita utamwona anapanda juu kuvuta pumzi kisha anashuka. Hewa anayoivuta iwe ya joto na unyevu sawa na maji. Tangi langu lilikuwa wazi, tena chini ya feni ya dari, na nyumba zetu feni haizimwi mchana wala usiku. Ukichanganya na usiku wa Julai, upepo wa kusi unapoingia dirishani, hewa ya juu ya maji ilikuwa baridi kavu ilhali maji ni vuguvugu. Nilipofunika tangi kwa kipande cha kioo, nikaacha mwanya mdogo tu wa mrija, vifo vilikoma. Sisemi kwamba ni uchawi wa kioo, kwa kuwa wapo wanaolea bila kufunika, lakini kipande cha kioo hakina hasara. Na ule utando wa mafuta aliousema Ami uondoe kila ukiuona, kwa kulaza karatasi ya shashi juu ya maji na kuinyanyua, maana kifaranga mwenye kiungo kipya hana nguvu za kuupenya.

Usinunue hita kwa pupa. Mimi huiwasha miezi ya Juni hadi Agosti peke yake, nikaiweka nyuzi 27.

Tena wazazi: wiki mbili kabla ya kuwakutanisha walishe viluwiluwi vya mbu, hakuna chakula kinachomjaza jike mayai kama hicho. Ila ndoo ya viluwiluwi ifunikwe kwa wavu mwembamba, na kila siku uchote wote waliokua. Mji huu umepata homa ya dengi mwaka 2013 na tena 2017, na mbu wake anazaliwa katika ndoo kama hiyo hiyo. Jirani yangu hakuelewa kabisa kwamba nafuga mbu kwa hiari.

Mwalimu wa Kisauni (baada ya wiki saba):

Ndugu zangu, nimerudi na habari, na samahani kwa kukawia. Mbegu ya minyoo ya siki nilipewa na mfugaji mmoja wa Bamburi, nikaingoja wiki tatu kama nilivyoagizwa, ingawa dume alikuwa akijenga povu kila siku kana kwamba ananidai. Nikawakutanisha wiki ya nne tangu nilipoandika hapa.

Leo ni siku ya 19 tangu vifaranga waanze kuogelea. Nimejaribu kuwahesabu mara tatu nikapata 64, 71 na 58. Wana urefu wa kama sentimita moja, na jana jioni nilimwona wa kwanza akipanda kuvuta hewa, nikashangilia peke yangu sebuleni. Tangi nimelifunika, feni nimeihamisha, maji ni ya mvua na kisima kwa kipimo cha Bi. Mtongwe. Artemia nilikosea mara ya kwanza: niliteka maji ya bahari siku moja baada ya mvua kubwa na hawakuangua vizuri. Mara ya pili niliteka maji yakiwa yamejaa ya bamvua, wakatoka wote.

Nina maswali mawili. Kuna kama wanane ambao wamekuwa wakubwa mara mbili ya wenzao, nao huwafukuza wadogo. Je, niwatoe? La pili, kila mahali nasoma kwamba madume yakianza kupigana ni lazima kila mmoja awe na chombo chake. Kama nusu ya hawa ni madume, hizo ni chupa thelathini, na nyumba ni ya vyumba viwili.

Ami wa Kibokoni:

Mashaallah. Wakubwa watoe, uwaweke beseni lao lenye maji yale yale, kwa maana mkubwa hula kwanza akazidi kuwa mkubwa, na mdogo akabaki nyuma kwa njaa, si kwa asili. Mara nyingi wadogo hao hao wakitengwa hufikia wenzao.

Kuhusu madume, una muda. Kwa kawaida huanza kutunishiana mapezi wakiwa na miezi miwili hadi mitatu, na wakilelewa pamoja bila kutenganishwa hata siku moja huchelewa zaidi. Usimtoe dume kisha ukamrudisha. Akirudi anawaona ndugu zake kama wageni. Toa wale tu wanaochana mapezi. Chupa za maji ya kunywa za lita tano, zilizokatwa shingo, zinafaa, ukiweka kadibodi kati ya moja na nyingine wasikeshe wakitishiana. Ila thelathini usiweke: kila chupa ni maji ya kubadilishwa mara mbili kwa wiki, na wewe una daftari za wanafunzi za kusahihisha. Chagua kumi unaowapenda, wengine wagawe kwa wafugaji mapema. Usimwage hata mmoja mtoni wala kwenye bwawa, kwa kuwa si samaki wa nchi hii.

Fundi wa Majengo:

Mimi nitachukua wanne, mwalimu, madume mawili na majike mawili, nawe utanionyesha dume mwekundu.

Bi. Mtongwe:

Niwekee jike wa buluu, na aliyechelewa kukua pia nitamchukua. Nikipata feri ya mapema Jumamosi, nitafika na ndoo yangu yenye kifuniko.